Timu imepasuka vipande viwili: tununue pampu sasa au tusubiri maabara?

Msimamizi wa Kati

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kusimamia mradi wenye watu wa fani tofauti ndani yake.

Nasimamia mradi mdogo wa maji ya kijiji mkoani Singida, wilaya sitaitaja. Kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu ya mnara, mabomba na vituo vya kuchotea. Kisima cha kwanza kilitoka kikavu. Waliochimba huku wanajua miamba yetu: usipoupata ufa, unatoboa jiwe tupu na mita unalipia. Cha pili kikatoa maji mpaka watoto wakaoga palepale kwenye povu la kompresa, ile mashine ya upepo inayosukuma maji nje wakati wa kuchimba. Jioni mtaalamu wetu wa maji chini ya ardhi akatoa kifaa chake cha kupima floraidi, ile madini ambayo ikizidi kwenye maji inaharibu meno na mifupa. Mara ya kwanza kikasoma 1.3. Akarudia, 1.8. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Sampuli imekwenda maabara, majibu bado.

Hapo ndipo timu ilipopasuka. Namba ni zilezile mbili, lakini kila mtu kachukua ya kwake.

Afisa ununuzi kaishika 1.3. Anasema muuzaji wa Dar ana pampu na paneli zilizobaki kwa bei ya zamani, mzigo mpya ukiingia bei inabadilika, na 2023 dola ilivyopanda tuliumia kwa kuchelewa hivihivi. Yeye ni bismillah, tununue kesho. Dada wa maji chini ya ardhi kaishika 1.8. Haongei sana, ila alichosema kikaoni ni kimoja: hasaini kitu mpaka aone karatasi ya maabara. Mhasibu floraidi wala haimshughulishi, yeye anaona pampu ya mamilioni imekaa stoo ya kijiji kwa sababu kisima kimefungwa, halafu mkaguzi anafika. Afisa maendeleo ya jamii kawachukia wote watatu, maana anatoka kijijini kila siku na anawaona akina mama wanachota lambo moja na ng'ombe. Fundi pampu kakaa kimya, anachezea simu.

Kinachonichanganya ni hiki. Huyo dada anayeitwa "mwoga" na wenzake ndiye aliyetusukuma tuendelee kuchimba kisima cha pili pale mkandarasi alipotaka kung'oa mtambo. Sote tulikuwa tumekata tamaa, yeye akasema ongezeni mita thelathini, na ndipo maji yalipotoka. Na afisa ununuzi, simba wa leo, safari ya basi la usiku hapandi hata umlipe posho mara mbili. Kwa hiyo nikisema huyu jasiri na yule mwoga, najiona nadanganya.

Kikao cha mwisho tulimwalika mwenyekiti wa kitongoji. Chupa ya maji ikawekwa mezani. Akaiinua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanywa nusu, akacheka na meno yake ya kahawia: "Haya tumeyanywa tangu utoto, tumekufa?" Afisa ununuzi akapiga meza kwa furaha. Dada wa maji akafunga daftari akatoka nje.

Muda nao unabana. Mfadhili anafunga vitabu vya mradi Desemba 31. Mvua zikianza, rigi, yaani mtambo wa kuchimba, haipiti tena kwenye mbuga, lile udongo jeusi likilowa linameza gari zima. Kwa hiyo kama tutahitaji kisima cha tatu, ni sasa.

Niamue mwenyewe? Nipige kura? Nimfuate mtaalamu hata kama yuko peke yake? Rejesta ya vihatarishi, ile orodha ya hatari za mradi, tunayo, imejazwa vizuri, rangi nyekundu, njano na kijani, na haijasaidia chochote. Nawasilisha.

---

Jembe Kali

Mkuu acha kulea watu. Kiongozi ni wewe, amua. Vikao ndivyo vinavyoua miradi nchi hii. Nunua pampu kabla bei haijapanda, floraidi ikizidi mtaweka mtambo wa kuchuja. Kwani Arusha watu hawaishi?

---

Mzee wa Rigi

Jembe Kali, Arusha wanaishi, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichowekwa mahsusi kwa ajili ya kuhangaika na floraidi hiyohiyo, wanaichuja kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe, na mtu lazima apime maji kujua umechoka lini. Kwa kijiji ambacho hata mlinzi wa tangi analipwa kwa kuchangishana, usiseme "mtaweka mtambo" kana kwamba ni chujio la chai.

Msimamizi, kijana wangu, nimezeekea kwenye mitambo ya kuchimba, Dodoma, Singida, Shinyanga. Nimesoma bandiko lako lote nikitafuta neno moja na sikuliona: pampu testi. Mmeifanya? Maji ya kompresa yanadanganya. Yanatoka kwa kishindo, watu wanashangilia, halafu ukiweka pampu ya majaribio ukaiacha inasukuma mchana na usiku, unakuta kina kinashuka na hakirudi. Pampu ya kudumu huchaguliwa baada ya hapo: kisima kinatoa lita ngapi kwa saa bila kuchoka, maji yanashuka mpaka mita ngapi yakisukumwa, na kutoka hapo mpaka juu ya tangi ni kimo gani. Hata paneli idadi yake inatokana na hesabu hiyo. Sasa huyo afisa ununuzi anataka kununua pampu ya ukubwa gani? Hata floraidi ingekuwa sifuri, bado ni mapema kununua. Mwambie hivyo, na hapo utakuwa hujamwambia kwamba dada kashinda.

La pili. Mnaligombania jambo kama kifurushi kimoja, "tuendelee" au "tusubiri". Lifungue. Tangi litakaa pale kwenye kilima, maji yatoke kisima hiki au cha tatu. Mitaro ya kutoka tangi kwenda vituoni haibadiliki. Vituo vyenyewe havibadiliki. Kazi hiyo ianze kesho, vijana wa kijiji wachimbe kabla ardhi haijalowa, na wenye haraka wapate pa kumalizia haraka yao. Bomba la kutoka kisimani kwenda kwenye tangi liache. Pampu iache. Paneli ziache. Hivyo ukikosea huvirudishi.

Na muulize mkandarasi wa rigi, kabla hajaondoka mkoani, atataka kiasi gani kukungoja wiki chache. Gharama ya kumngoja mara nyingi ni ndogo kuliko kumwita tena kutoka mbali, na ukiwa na namba hiyo mkononi mtaacha kubishana kwa hisia.

---

Debiti na Krediti

Kaka Msimamizi, naomba niwatetee wahasibu maana humu huwa tunasemwa sana.

Mhasibu wako haogopi pampu. Anaogopa hoja ya ukaguzi. Mradi ukifanikiwa, picha za uzinduzi utapiga wewe na mbunge. Pampu ikilala stoo, mkaguzi haulizi nani alipiga meza kikaoni, anaangalia sahihi kwenye hati ya malipo. Ni yangu. Nimewahi kujibu hoja ya kitu kilichonunuliwa kabla ya kuhitajika, miezi mimi najibu barua, na wale waliokuwa wanaharakisha walishahamia miradi mingine.

Kwa hiyo usimwulize "unakubali au unakataa". Mwulize kila mmoja, faraghani: hili likiharibika, barua ya kujieleza inakuja kwa nani? Utagundua kila mtu pale mezani anapima hatari yake mwenyewe. Afisa ununuzi ataulizwa kwa nini bei imepanda. Hataulizwa kamwe kwa nini maji yana floraidi. Dada wa maji ataulizwa floraidi, hataulizwa bei. Hao wawili hawatofautiani ujasiri hata kidogo, wana mabosi tofauti vichwani mwao. Na fundi pampu amekaa kimya kwa sababu lolote likitokea, yeye ndiye atakayelala kijijini akitengeneza. Mwulize huyo kabla ya wote.

Dawa yake ni kuhamisha mzigo kwenye karatasi. Andika dokezo wewe, weka mapendekezo, weka sababu, saini. Mhasibu akiona sahihi yako iko juu ya yake, nusu ya ukaidi unaisha. Siyo unafiki, ndivyo ofisi zilivyo.

Halafu hilo la Desemba 31, umemwandikia mfadhili? Wafadhili wengi huongeza muda bila kuongeza fedha, ukiomba mapema na sababu ikiwa ya kueleweka. "Tunasubiri majibu ya ubora wa maji" ni sababu ya kueleweka kuliko zote. Wanachokichukia ni kuombwa tarehe 28.

---

Fundi Umeme Moro

Nimependa alichosema Debiti. Naongeza kisa cha mbali kidogo, mtanisamehe.

Januari 28, 1986 Marekani walirusha chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni waliwapigia NASA, shirika la anga la Marekani, simu ya mkutano, wakasema msirushe, baridi ni kali, mpira unaoziba maungio utakakamaa. Walishauri wasirushe chini ya nyuzi joto 12 hivi za Selsiasi, na asubuhi ilitarajiwa baridi kuliko hapo kwa mbali. Upande wa pili haukupenda. Wakubwa wa kampuni wakaomba dakika za kujadiliana wenyewe, wakarudi na jibu jipya: rusheni. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, watu 7 wakafa.

Kinachonigusa mimi katika kile kikao ni nani alitakiwa kuthibitisha. Kwa kawaida mrushaji ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ni salama. Usiku ule wahandisi ndio walioambiwa waonyeshe kwa namba kwamba itafeli, na namba za baridi kama ile hawakuwa nazo. Sasa rudi Singida. Dada wa maji ana 1.3 na 1.8. Kama kikao chenu kinamtaka yeye athibitishe kwamba maji ni mabaya, hawezi, na atashindwa kila mara. Kama kinamtaka anayetaka kununua athibitishe kwamba ni mazuri, naye hawezi. Hilo liamue kwanza, tena kwa sauti, halafu mengine yatakaa sawa.

Njia nyingine ya kuwafungua midomo, mtafiti mmoja wa Marekani anayeitwa Gary Klein aliiandika 2007. Unawaambia timu: tuseme mwaka umepita, mradi umekufa kabisa, kila mtu aandike kwenye karatasi umekufa kwa nini. Hakuna kubishana, mnasoma moja moja. Mtu anayeogopa kusema "naona tutafeli" hana shida kusema "tulifeli kwa sababu hii". Nimeijaribu kwenye kazi ya kufunga nyaya za kiwanda, kibarua mdogo kuliko wote ndiye aliyetaja kitu ambacho sisi wakubwa tulikuwa tunakipita.

---

Jembe Kali

Yaani kisima cha Singida kimefika angani 😂 Ila hapo pa nani athibitishe, nimekuelewa mkuu.

---

Mnyiramba wa Mjini

Mimi mzaliwa wa huko, meno yangu ni kama ya huyo mwenyekiti. Niliposhuka Dar kwa mara ya kwanza kusoma, dada wa kantini aliniuliza kama navuta sigara tangu tumboni. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa. Kwa hiyo naomba kicheko cha mwenyekiti msikiandike kwenye muhtasari kama ridhaa ya wananchi. Yeye meno yake yalishaota. Anayeharibiwa ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, na huyo hakualikwa kikaoni.

Lakini pia msimkejeli afisa maendeleo. Mama yangu alichota lambo, tukaugua matumbo kila mwaka. Maji ya lambo hayana maabara ya kusubiri. Na wazee wanakumbuka kwamba kiwango chetu cha nchi huko nyuma kiliruhusu floraidi mpaka miligramu 4, kwa sababu ukikaza sana unafunga visima vya watu wasio na kingine. Hasara ya fedha ninyi kwenye timu mnaweza kukubaliana kuibeba, ni yenu. Ya meno na mifupa ya watu wengine hamuwezi kuipigia kura.

---

Msimamizi wa Kati

Wakuu, nashukuru sana. Mrejesho.

Nilimwita mmoja mmoja na swali la Debiti. Fundi pampu, ambaye kikaoni hakufungua mdomo, alizungumza kuliko wote. Anasema kwenye kijiji cha jirani kuna pampu ya sola iliyonunuliwa kabla ya vipimo, kubwa kuliko kisima, inakausha maji kabla ya saa nne asubuhi na kujizima, na wananchi wanamtukana yeye. Kumbe muda wote yuko upande wa kusubiri, kwa sababu ambayo haihusiani na floraidi kabisa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Mlikuwa mnaongea mambo ya maabara."

Mitaro ya usambazaji imeanza. Afisa ununuzi nimemkabidhi hiyo, na nimemwomba ajadiliane na muuzaji atushikie bei kwa malipo kidogo ya awali yanayorudishwa. Muuzaji kakubali kushika bei, kurudisha kakataa, bado wanavutana. Barua ya kuongezewa muda imeshatumwa. Rigi mkandarasi katupa bei ya kungoja, si mbaya.

Palipowaka moto ni kwenye kuandika mapema tutafanya nini kwa kila jibu. Nilitaka tukubaliane kabla bahasha haijafunguliwa, ili mtu asianze kubadilisha dini akiona namba. Chini ya 1.5, tunaendelea, hapo hakuna ubishi. Juu ya 2, kisima cha tatu, nalo likapita, mhasibu akiguna. Katikati ndipo tulipokwama. Afisa maendeleo anataka tufungue maji kwa matumizi yote, na shuleni na zahanati tuweke matangi ya kuvuna mvua kwa ajili ya kunywa. Dada wa maji anasema hakuna katikati, kikomo ni kikomo, na tangi la mvua la shule likikauka Agosti watoto watakunywa bombani. Anasema kweli. Afisa maendeleo naye anasema Agosti hiyohiyo lambo linakuwa tope. Anasema kweli pia.

Nimefuata maneno ya Mnyiramba: hilo la katikati sisi hatuliamui. Likitokea, tunalipeleka kwa watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani na wa ubora wa maji, pamoja na maoni ya wote wawili kama walivyoyaandika wenyewe, bila mimi kuyapamba. Dada kakubali kwa sharti kwamba pingamizi lake liingie kwenye muhtasari kwa maneno yake. Limeingia, nusu ukurasa. Afisa maendeleo akaona, akaomba na yeye nusu ukurasa.

Mapenzi hayajarudi. Chai wanakunywa meza tofauti.

---

Mzee wa Rigi

Meza tofauti si tatizo, mradi mitaro inachimbwa. Swali moja, hiyo sampuli iliyoko maabara ilichotwa lini, na kwenye chupa gani? Ya floraidi hatuweki kwenye kioo.

---

Msimamizi wa Kati

Chupa ya plastiki mzee, dada yuko makini. Ila ilichotwa siku ileile ya kompresa.

---

Mzee wa Rigi

Basi mnapigania majibu ya maji ambayo si ya kisima bado. Siku ile kuna maji ya kuchimbia humo ndani, kuna povu, kuna tope. Inaweza kuja chini au juu ya ukweli. Kisafishwe vizuri, pampu testi ifanyike, na sampuli ya kuamulia ichotwe mwishoni kabisa kabla hamjazima. Chukueni mbili, mpeleke maabara mbili tofauti kama pesa inaruhusu.

---

Debiti na Krediti

Inaruhusu. Mwambie mhasibu wako gharama ya sampuli ya pili haifiki hata bei ya waya wa pampu. Atasaini.

---

Msimamizi wa Kati

Kasaini, tena kabla sijamaliza kueleza. Watu wa pampu testi wanaingia Jumatatu, jenereta tunaazima halmashauri. Afisa ununuzi kaomba alale saitini usiku wa kipimo, anataka aone maji yanashuka mpaka wapi kwa macho yake. Dada wa maji kamwambia aje na blanketi.